Transfoma Iliyoatamiwa na Kuku

Juzi nilikuwa nakata njia nyuma ya soko pale Bungoma, nikirudi ofisini baada ya chakula cha mchana, nikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Mama mmoja alikuwa anababua kuku juu ya jiko la makaa, na pembeni yake kijana mmoja amejikunja kibandani analehemu redio. Moshi wa manyoya na moshi wa risasi ya kulehemia ulikuwa umechanganyika, ukanishika puani, nikasimama. Mwanamke mzima, kitambulisho cha kazi shingoni, nimesimama njiani kunusa moshi. Watu wakanikwepa na mizigo yao. Yule kijana akainua kichwa na kuniuliza, "Mathe, uko na redio ya kutengenezwa?" Nikamwambia sina, nikaenda zangu, lakini kazi ya mchana huo sikuifanya vizuri. Nilikuwa Kitale, sebuleni kwetu, na Mama amesimama mbele ya sanduku la chuma, mikono kiunoni, anaapa kwamba kitu hiki kitalia au yeye si mtu wa Sirisia.

Mama yangu alikuwa mfumaji wa sweta za shule. Mashine yake ya kufumia ilikaa chini ya dirisha, na nyumba yetu haikukosa nyuzi kwenye viti, kwenye sahani, hata kwenye ugali. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Furaha yake ilikuwa gitaa. Alifundishwa na babake huko Sirisia, kwa ule mtindo wa kwao wa kidole gumba na cha shahada, ambapo mtu mmoja anapiga na mwenzake anagonga chupa ya soda kwa kijiti. Alipoolewa Kitale alikuja nalo begani, na tangu nipate akili zangu nilimwona akilipiga kanisani kila Jumapili, amekaa kwenye kiti cha mbele kando ya kwaya, macho ameyafumba. Niliamini kwamba ibada haiwezi kuanza bila yeye, kama vile gari halianzi bila ufunguo.

Kisha kanisa likapata kinanda cha umeme. Nyinyi wenzangu wa rika langu mnavikumbuka vinanda vile vya mwanzo, vyenye ngoma ndani yake, mtu akibonyeza kidude kimoja tu kanisa zima linatikisika. Kijana aliyekipiga alikuwa mpole, lakini kinanda chake hakikuwa na upole wowote. Gitaa la Mama likamezwa. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mzee mstaafu ambaye hakuwahi kumkosea mtu adabu, alikuja nyumbani kwetu mwenyewe kulizungumza. Alikunywa chai, akasifu sweta, kisha akasema kilichomleta.

"Mama Shiru, sisi hatukukatai. Lakini huko nyuma hatusikii kitu. Tunaona tu mkono inaenda."

"Kwa hivyo mnataka nisikike."

"Tunataka usikike, ama uingie kwaya na wamama wengine, hicho kiti tukiondoe. Jumapili ya Mavuno mimi nitakaa benchi ya mwisho kabisa. Nikisikia gitaa, mambo kwisha, hicho kiti ni chako."

"Sawa," Mama akasema. Alilisema neno hilo taratibu sana, na mimi niliyemjua nikajua kwamba mzee wa watu amechokoza nyuki.

Baba alimsindikiza mgeni mpaka langoni, akarudi. Yeye alikuwa fundi wa stima za nyumba. Watu wake walitoka katikati ya nchi wakapata mashamba Trans-Nzoia, naye akakulia huko kwenye mahindi, lakini mkono wake ulipenda nyaya kuliko jembe. Sikumjua mtu Kitale aliyekuwa na neno baya juu ya kazi yake. Nyumba ambayo Baba aliifunga nyaya haikuwahi kuzima, haikuwahi kunuka, haikuwahi kumpiga mtu shoti. Kanisani hakuingia sana. Alitusindikiza, kisha akabaki nje kwenye kivuli na gazeti lake mpaka tutoke. Mimi, huyo Shiru, nilipewa jina la mamake, na kwa desturi yao aliniita "maitu", yaani mama yangu, hata aliponituma kuni. Siku hiyo alivaa kofia yake akasema, "Kama ni mimi, ningewaachia kinanda yao." Nikaiweka sentensi hiyo moyoni.

Mama aliamua kutengeneza amplifaya, maana za kununua zilikuwa mbali na sisi kama mbingu. Alijua pa kuanzia. Huko kwao Sirisia, babake aliwahi kuwa mtunza stoo wa misheni, na misheni ilipoondoka ilimwachia mtambo wa zamani wa Kiamerika, uliotumika kupaza sauti siku za sinema na mikutano. Ni sanduku la chuma lenye valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama kaa la moto, na juu yake limekaa donge zito jeusi ambalo ndilo transfoma. Tulipofika tukamkuta Kukhu, nyanya yangu, ameuweka mtambo pembeni mwa jiko, na ndani yake, kati ya valvu na transfoma, kuku mwekundu ameatamia mayai.

"Kukhu, nimekuja kuchukua hiyo sanduku," Mama akasema.

"Utangoja kuku atotoe," Kukhu akajibu bila kugeuka.

"Mama, niko na haraka. Mavuno imekaribia."

"Hata kuku ako na haraka. Wewe urikuja reo. Yeye arikuja kwanza."

Mama alibembeleza, akanuna, akaahidi kumjengea kuku nyumba ya mbao yenye mlango. Kukhu akatupakulia ugali na mrenda, akatuambia turudi siku vifaranga vitakapolia. Tukarudi Kitale mikono mitupu. Mama akafuma sweta siku zote hizo kwa hasira, mashine ikipiga kelele kwenda na kurudi, hata sweta za wanafunzi wa mwaka huo zilitoka zimekaza kidogo. Vifaranga vilipolia, tulipewa sanduku pamoja na kinyesi, manyoya na maganda ya mayai. Nililibeba lile donge la transfoma mapajani njia nzima. Lilikuwa zito ajabu kwa ukubwa wake, nami nikaamua kwamba uzito ule ni stima ya wazungu iliyobaki ndani, kama maji kwenye mtungi. Sikulitikisa hata kidogo, nikiogopa isimwagike.

Fundi mmoja wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na stendi alikubali kuujenga mtambo upya kwenye sanduku la mbao. Alikwangua uchafu wa kuku, akakata nyaya zote zilizooza, akabadilisha vitu vidogo vidogo, akaweka spika, na kwenye gitaa akafunga kinasa sauti chenye waya. Waya mmoja wa transfoma, mwekundu wenye mstari wa manjano, akaulehemu kwenye bati la chini. Nyaya nyingine za transfoma akaziacha zimening'inia, akasema atamalizia kesho. Jioni ile ile akapata habari za msiba kwao, akafunga kibanda akaenda kuzika. Tukangoja. Mahindi yakaanikwa, shule zikakaribia kufungwa, kibanda bado kimefungwa. Jumapili ya Mavuno ikabaki wiki moja.

"Imebaki nini hapo?" Mama akamuuliza Baba.

Baba aligeuza sanduku, akatazama zile nyaya. Nyekundu mbili, nyeusi mbili, kijani mbili, manjano mbili. Uso wake ukafunguka. "Hii ni stima tu," akasema. "Stima ni yangu."

Lazima niwakumbushe jinsi nyaya zilivyokuwa siku hizo, kabla ya hizi za kahawia na buluu. Nyekundu ndiyo yenye moto. Nyeusi ndiyo inayorudisha. Kijani inakwenda ardhini, kumlinda mtu. Mtoto wa fundi aliyajua haya kabla ya kujua kusoma, na Baba alikuwa amefunga hivyo Kitale nzima. Akasokota nyekundu mbili pamoja, akazipeleka kwenye moto. Nyeusi mbili akazipeleka kwenye nyeusi. Kijani mbili kwenye pini ya ardhi, akaridhika kwamba chuma sasa kina ulinzi. Manjano, kwa kuwa hazina kazi kwenye nyumba, aliona ndizo zinazopeleka stima kwenye valvu, akazipeleka huko. Akafunga tepu nyeusi, safi kabisa, akafuta mikono.

Mama alikuwa ametoka kupiga deki. Sakafu ya saruji ilikuwa bado inang'aa maji, naye miguu mitupu, leso kiunoni. Baba akachomeka plagi, akawasha swichi ya ukutani. Kimya. Hakuna mwanga kwenye valvu, hakuna mvumo. "Labda inataka kwanza ipate joto," Mama akasema. Akachomeka waya wa gitaa, akaliweka gitaa pajani, akakamata nyuzi kwa mkono wa kushoto.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti moja fupi, ya koo, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa mtu. Gitaa likaruka likagonga meza, Mama akaenda chini pamoja na kiti. Nami nilimtazama Baba. Alikuwa kando ya swichi kabisa, na alisimama, mkono hewani, macho yamemtoka, kwa muda niliouona mrefu kuliko mahubiri. Kisha ndipo akaing'oa plagi.

Mama aliketi baada ya kitambo, akavuta pumzi, akatazama vidole vyake. Kila kidole kilikuwa na mstari mweupe uliochorwa na uzi. "Niko sawa," akasema. "Gitaa imevunjika?" Baba aliliokota gitaa, akaliegemeza ukutani. Alichukua sanduku, akalipeleka kwenye stoo yake ya vifaa, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Baadaye nilimwona jikoni akijaribu kunywa chai, kikombe kinacheza mkononi, chai inamwagika kwenye shati.

Akili ya mtoto ina hesabu zake, na yangu ilikuja hivi: Baba hakosei stima. Hilo lilikuwa jambo la hakika kuliko yote niliyoyajua duniani. Nyumba zote zile, na hakuna hata moja iliyomshika mtu. Basi kama hakosei, na stima imemshika Mama, alitaka imshike. Si alisema waachiwe kinanda chao? Si alisimama tu, swichi iko kando yake? Si amefungia mtambo ili Mama akose? Na ule mtetemeko wa kikombe nikaujua pia, ni dhambi inamsumbua. Niliogopa. Nilimpenda Baba, na niliumia kwa sababu nilimpenda, nikaapa kwamba stima yake haitamgusa Mama tena nikiwa hai.

Asubuhi iliyofuata Mama alimkalia kooni. Alisimama mlangoni pa stoo, vidole vya kushoto amevifunga kitambaa.

"Baba Shiru, nipe kifunguo."

"Wacha hiyo kitu."

"Kifunguo."

"Hiyo kitu ilitaka kukuua, mama! Unataka nikuzike juu ya gitaa?"

"Sijakufa. Sasa niambie ni kwa nini imenishika. Si wewe ndiye fundi?"

Baba akatazama chini. "Sijui," akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akilisema neno hilo kuhusu waya. Mimi, nyuma ya pazia, nikajua anadanganya.

"Basi fungua tujue," Mama akasema. "Mimi Jumapili nitakuwa kwa hicho kiti. Ukinisaidia, nitakuwa. Usiponisaidia, nitaifunga mwenyewe, na unajua sijui."

Hilo la mwisho ndilo lililomfungua. Baba akatoa ufunguo. Wakaliweka sanduku juu ya meza ya kufumia, Baba akafungua kila alichokuwa amefunga, mpaka nyaya zikabaki zimening'inia tena. Akaleta mita yake ya sindano, lakini hakujua aipime wapi. Aliinua nyekundu, akaiweka chini. Aliinua kijani, akaiweka chini. Mama alimtazama, kisha akavuta kiti.

"Ndani ya hiyo kitu kuna nini?"

"Waya. Imezungushwa. Mwembamba kama nywele."

"Kama uzi kwa kibunda."

"Kama uzi."

"Basi wacha rangi," Mama akasema. "Mimi wakiniletea sweta ya kufumua, yenye nyuzi nyingi, siangalii rangi, rangi imefifia. Natafuta kichwa na mkia. Kila uzi iko na kichwa na mkia. Ukishajua hii inaenda na hii, ndio unajua sweta ilifumwa aje."

Nami nikaitwa kutoka nyuma ya pazia. Mama akanipa mabaki ya nyuzi za sweta, nikawa nafunga fundo. Baba anagusa ncha mbili kwa mita, sindano ikiruka, mimi nafunga hizo mbili kwa uzi mmoja. Nilifunga kwa bidii, ulimi nje, jicho moja kwenye nyaya na jingine kwenye mikono ya Baba, nisije nikamkosa akifanya hila. Nyeusi ikaitika kwa nyeusi. Kijani kwa kijani, sindano ikaruka mpaka mwisho. Manjano kwa manjano. Nyekundu ikaitika kwa nyekundu, kwa uzito, sindano ikijivuta, na zote mbili zikaitika kwa ule waya wenye mstari uliolehemiwa kwenye bati. Baba akarudia mara kadhaa. Kisha akaweka ncha moja kwenye nyekundu na nyingine kwenye nyeusi. Sindano haikutikisika. Nyekundu na kijani, hola. Kijani na bati, hola.

"Hazijuani," Baba akasema polepole. "Nyekundu na nyeusi hazijuani kabisa."

Akalipindua sanduku juu chini. Hapo ndipo alipoona kile ambacho kilikuwa hapo siku zote: kwenye miguu ya kila valvu, chini ya risasi ya zamani, vilibaki vipande vifupi vya waya wa kijani ambavyo fundi wa redio hakuvimaliza kuvitoa. Kijani ndiyo iliyowasha valvu. Kwenye valvu nene ya pembeni kulikuwa na masalio ya manjano na ya nyekundu. Nyeusi ilikuwepo mahali pamoja tu, kwenye tundu la waya unaotoka ukutani. Wamarekani walikuwa na lugha yao ya rangi. Kwao nyeusi mbili ndizo zinazopokea stima, na nyekundu ndizo zinazoitoa ikiwa kali kuliko ile ya ukutani. Baba hakuwa ameangalia chini kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Alikuwa ameutia moto kwenye nyekundu, nyekundu ikaupeleka kwenye bati, bati likaupeleka kwenye waya wa gitaa mpaka kwenye nyuzi. Na kijani, aliyoitegemea imlinde mkewe, haikuwa imegusa chuma popote.

Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, koleo mapajani.

"Nimekufungia stima kwa nyuzi, Mama Shiru," akasema. "Na mikono yangu."

"Inuka," Mama akamwambia. "Sakafu ni baridi. Inuka tumalize."

Mtu mzima angesikia uchungu katika maneno yale. Mimi nilisikia mtu akikiri kosa mbele ya shahidi. Nikashangaa Mama anavyomsamehe haraka namna ile, na nikaona kwamba kazi ya kumlinda imebaki yangu peke yangu.

Wakafunga upya. Safari hii Baba alitoboa tundu kwenye bati, akalikwangua mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa ardhi kwa parafujo. Aliweka balbu njiani kati ya ukuta na sanduku, ili kukiwa na kosa iwake balbu badala ya kitu kuungua. Akatusukuma wote nyuma, akawasha. Balbu ikatoa mwanga kidogo, ikanywea. Valvu zikaanza kuiva, polepole, rangi ya machungwa. Nyumba ikajaa harufu ya risasi na ya manyoya ya kuku yaliyobaki kwenye pembe. Mvumo mzito ukapanda kutoka kwenye spika, mpaka vijiko vikalia kabatini. Mama akapiga makofi kama msichana. Alipolipiga gitaa, vidole vikimuuma, alikunja uso kila akibana nyuzi, na hakuacha. Alilipiga kila siku ya wiki ile, na kila siku nilisimama kati yake na Baba.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Mbele palipangwa mahindi, ndizi, maboga, na kuku waliofungwa miguu wakilalamika. Wamama walikuwa wameosha sakafu asubuhi na ilikuwa bado na unyevu. Baba aliingia na sanduku mabegani, naye haingii, watu wakageuka. Akaliweka kando ya kiti cha Mama, akachomeka plagi chini ya dirisha. Mimi nilikuwa nimeshafika hapo. Nilikuwa nimesimama mgongo ukutani, mkono wangu juu ya swichi, nimeamua kwamba ikiwashwa nitaizima kabla Mama hajagusa uzi, waimbe watakavyoimba, wanichape watakavyonichapa. Mwenyekiti alitembea mpaka benchi ya mwisho, akaketi, akaweka kofia gotini.

Mama akanyoosha mkono kuchukua gitaa. Baba akalitangulia.

"Lete hiyo," akasema. Akaketi kwenye kiti cha Mama, akafungua kamba za viatu.

"Wewe, unafanya nini?" Mama akamnong'oneza. "Watu wanaangalia. Si umepima nyumbani?"

"Nyumbani ni stima yangu. Hii ya kanisa sikufunga mimi."

Akavua viatu, akavua soksi. Kanisa likaanza kuguna. Akasimama peku pale sakafu ilipokuwa na maji, karibu na mkebe wa maua uliovuja, nyayo zake nyeupe za mtu wa viatu zikakanyaga unyevu. Mkono mmoja akashika chuma cha dirisha. Mkono wa pili akazishika nyuzi za gitaa, zote, kwa kiganja kizima. Kisha akanitazama. Alinitazama kwa muda, mimi, na mkono wangu uliokaza kwenye swichi, na sijui aliona nini usoni mwangu, kwa sababu sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini na ya upole.

"Uko hapo, maitu?"

"Niko."

"Usitoe mkono. Ukiona nimeshtuka hata kidogo, zima. Usiogope, zima tu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya. Washa."

Sikuweza. Nilikuwa nimejiandaa kuzima, sikuwa nimejiandaa kuwasha. Nilimwona Baba amesimama pale peku, kiganja kwenye nyuzi, kidevu kinatetemeka, na nikaelewa kwamba anaogopa. Anaogopa kama mimi. Aliogopa siku ile kando ya swichi, aliogopa jikoni na kikombe chake, na aliogopa sasa, na bado hakutoa mkono. Machozi yakanitoka mbele ya watu.

"Washa, maitu," akasema. "Mamako anangoja."

Nikawasha.

Valvu haziwaki mara moja. Zilichukua muda wao, na muda wote huo Baba alisimama ameshika nyuzi na chuma, bila kupepesa, mimi nikimwangalia vidole. Mwanga ukapanda ndani ya kioo. Mvumo ukaja. Hakushtuka. Alingoja mpaka mvumo ukatulia, akapumua kwa mdomo, akampa Mama gitaa na kiti chake.

"Ni yako," akamwambia.

Mama hakufumba macho siku hiyo. Alianza na sauti za chini za kidole gumba, zile za Sirisia, na nikaziona zikienda, kwa sababu vichwa viligeuka benchi baada ya benchi mpaka nyuma kabisa. Kijana wa kinanda akaondoa mikono yake, akasikiliza, kisha akamfuata kwa noti moja moja. Mtu fulani katikati ya kanisa akapata chupa, sijui wapi, akaanza kuigonga. Kwenye benchi ya mwisho mwenyekiti alisimama, akainua kofia yake juu ya kichwa, akaishikilia hapo ili Mama aione.

Baba alikuwa amerudi kando ya dirisha. Alisahau kabisa kwamba hana viatu, alikuwa anamtazama Mama. Nilitoa mkono kwenye swichi, nikapita mbele ya kanisa zima, nikaviokota viatu vyake nikampelekea.